Jinsi ya kupunguza hela ya nauli Dar wakati kila kitu kimepanda

Ndugu zangu wa Dar, hasa nyie mnaokaa mbali na mjini, nimeona niandike hii kitu maana kila siku watu wanalia mchele umepanda, unga umepanda, mafuta ya kula ndo usiseme, na ni kweli vimepanda, ila ukimuuliza mtu kwa mwezi nauli inakula shilingi ngapi anakwambia "si mia sita tu". Mia sita ni gari moja, kwenda tu. Mi mwenyewe nimeishi hivyo miaka mitatu nikijua nauli ni hela ndogo ndogo, siku nilipokaa chini na kalamu nikakuta inakula zaidi ya mara tatu ya kodi yangu ya chumba.

Kwa hiyo anza hapo. Chukua daftari, hata karatasi ya nyuma ya kalenda, au andika kwenye simu, wiki moja nzima uandike kila shilingi inayotoka ili ufike kazini na urudi. Sio daladala peke yake. Andika boda ya kukutoa ndani mpaka barabarani, andika bajaji ya jioni ulipochoka, andika siku uliyogeuza na gari (yani unapanda linaloenda usikoenda ili likifika mwisho uwe umeshakaa kwenye siti, unalipa mara mbili), andika na chai na chapati unazokula mjini kwa sababu umetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hakuna aliyeamka kukuchemshia maji. Hiyo chai ni gharama ya usafiri, usiiweke kwenye chakula. Ungekuwa unakaa karibu ungekunywa nyumbani.

Alafu zidisha. Kama unafanya kazi siku sita kwa wiki, mwezi una siku 26 hivi. Mtu wa magari mawili ya mia sita kwenda na mawili kurudi anatoa 2,400 kwa siku, mwezi ni 62,400. Ongeza boda ya buku asubuhi na buku jioni, hapo umeongeza 52,000, jumla 114,400. Sasa angalia kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kilichotangazwa Oktoba 2025 kianze Januari 2026, ni 358,322 kutoka 275,060, japo sekta zinatofautiana. Kwa mtu wa mshahara huo nauli na boda peke yake ni karibu theluthi ya mshahara, na hajala, hajalipa kodi, mtoto hajapata daftari. Ndo maana nasema hii sio hela ndogo.

Sasa tunapunguzaje.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni kuelewa nauli za daladala zinavyopangwa, maana ukielewa hapo mengine yanajileta yenyewe. LATRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, ndo wanaopanga, na wanapanga kwa kilometa. Kuna kundi la kilometa 0 mpaka 10, ndo kundi la chini kabisa, halafu yanafuata makundi ya kilometa tano tano na kila kundi linaongezeka kidogo. Hilo kundi la chini lilikuwa 400, Mei 2022 likapanda kuwa 500, Desemba 2023 likawa 600. Angalia kinachotokea hapo: kilometa zako kumi za kwanza ndo za bei mbaya, zinazofuata zinaongezeka taratibu. Maana yake ukisafiri umbali ule ule kwa gari moja unalipa kidogo kuliko ukiukata vipande viwili, kwa sababu kila ukishuka na kupanda lingine unaanza upya na mia sita. Kinachokumaliza sio umbali, ni idadi ya magari.

Hili limenifundisha kuhama. Nilikuwa Chanika, chumba elfu arobaini, nikijiona mjanja. Boda mpaka kituoni 1,000, gari mpaka Buguruni 1,100, Buguruni mpaka Posta 600. Hiyo ni 2,700 kwenda tu, siku 5,400, mwezi 140,400. Jumlisha kodi napata 180,400. Nikahamia Tabata chumba cha elfu themanini, watu wakanishangaa, mbona umekimbilia kodi kubwa wakati maisha magumu. Kituo natembea kwa mguu, gari moja mpaka mjini, mwezi nauli 31,200, na kodi jumla 111,200. Karibu elfu sabini inabaki mfukoni kila mwezi, na nalala masaa mawili zaidi. Najua sio kila mtu anaweza kuhama, kuna mwenye kiwanja chake huko, kuna mwenye watoto washaanza shule, ila kwa anayepanga chumba nakusihi kabisa: ukienda kuangalia nyumba usiulize kodi tu, uliza kuna gari la moja kwa moja mpaka kazini kwangu? Na kituo natembea dakika ngapi? Kodi jumlisha na nauli ya mwezi ndo bei halisi ya hicho chumba. Dalali hatokwambia.

Na nenda mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi, saa kumi na mbili, usimame kituoni uone. Vituo vingine ruti ipo kwenye makaratasi lakini magari yanafika yameshajaa tangu yalikotoka, utaishia kugeuza nalo kila siku, na mia sita yako ishakuwa 1,200.

Kama huwezi kuhama, basi pambana na kukatisha ruti, hapa ndo watu wengi wanaibiwa bila kujua. Gari limeandikwa ubavuni linakwenda Kariakoo, likifika Buguruni konda anapiga bodi, "mwisho hapa, tunageuza". Abiria wanashuka wananung'unika wanapanda lingine na kulipa upya. Ndugu yangu, leseni ya lile gari inasema linaanzia wapi na linaishia wapi, kukatisha njia ni kosa. Naelewa kwa nini wanafanya, dereva ana hesabu ya tajiri (hela ya mwenye gari) ya kufikisha jioni, na foleni ya kuingia mjini inamla mafuta na muda, anaona bora ageuze apakie wengine kuliko kukaa saa zima anatambaa. Tajiri akipandisha hesabu na mafuta yakipanda, anayebanwa mwisho ni abiria. Kuelewa sio kukubali lakini. Fanya hivi: kabla hujapanda uliza kwa sauti "linafika?", umsikie konda anajibu, na wengine wasikie. Usilipe mwanzoni mwa safari kama unaona dalili, lipa ukishavuka pale wanapopenda kugeuzia. Likigeuza na ushalipa, dai nauli yako yote au akulipie gari linalofuata, na usidai peke yako, mtu mmoja anatukanwa, watu kumi wanarudishiwa hela. Piga picha namba ya gari. LATRA wana namba ya kupiga bure, iangalie kwenye tovuti yao uisevu leo kabla hujakasirika, maana ukishakasirika hutaitafuta. Ukipiga sema namba ya gari, ruti, saa na sehemu. "Daladala za huku zinatusumbua" haimsaidii mtu yeyote.

Na kingine watu hawakijui, nauli ya LATRA ni ukomo wa juu. Konda anaweza kuchukua pungufu, hawezi kuchukua zaidi. Mvua ikinyesha, jioni magari yakipungua, sikukuu, bado ni ile ile. Konda akisema leo buku kwa sababu barabara mbovu, hana ruhusa hiyo.

Wenye watoto, nauli ya mwanafunzi ni 200. Mtoto avae sare, abebe kitambulisho cha shule, na hela iwe kamili mkononi, mia mbili mbili, sio noti ya elfu mbili. Nimeona makonda wanavyowasukuma madenti mlangoni asubuhi, inauma sana, mtoto wa miaka tisa anaachwa kituoni mpaka anachelewa shule anachapwa. Kama una uwezo wa kupanga, mpeleke shule anayoweza kutembea. Kama haiwezekani, jiungeni wazazi watatu wanne wa mtaa mmoja, mmoja awasindikize wote kituoni na kuwapandisha, konda akiona mtu mzima kasimama pale habishani.

Wa Morogoro Road, mwendokasi. Ilipoanza Mei 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa 650 na baadae ikaja kuwa 750, na daladala zikatolewa kwenye ile barabara kuu, kwa hiyo wa Kimara hamkubakiwa na machaguo mengi. Ushauri wangu kwa mwendokasi ni muda tu. Nusu saa ya kuwahi asubuhi inakuokolea saa nzima ya kusimama kituoni, na ukisimama saa nzima ndo unachukua boda ya elfu nne kwa hasira, hela yako ya mchezo (upatu) wa wiki inaishia hapo. Wa Kigamboni mnajua wenyewe, pantoni kwa mguu ni 200, ukishuka upande wa pili Kivukoni pale, kama kazi yako ipo Posta tembea, dakika kumi na tano, usikubali boda.

Boda sasa. Siwachukii, wamenisaidia usiku wa manane na mgonjwa. Lakini boda ya kila siku ndo inayotoboa mfuko, kwa sababu unaiona ni buku tu. Tembea. Kama ni kilometa moja na nusu ni dakika ishirini, weka viatu vya kazini kwenye begi vaa raba. Kwa wanaotoka usiku au wadada ambao njia sio salama, usitembee kwa ajili ya kuokoa buku, usalama kwanza, ila tafuteni bajaji moja mchangie watu watatu, ongeeni na dereva mmoja mnayemfahamu awe anawasubiri saa fulani kila siku, kwa bei mliyokubaliana, mnalipa mwisho wa wiki. Dereva anapenda hela ya uhakika kuliko kukaa kijiweni anasubiri. Sisi tulikuwa watatu, kutoka 1,500 kila mtu tukashuka mpaka 500. Na hiyo kazi mumpe dereva mnayemjua, yule ambaye kijiwe chake kinajulikana na wenzake wanamfahamu.

Wenye magari madogo, hebu tuongee ukweli. Mtu amenunua IST kwa mkopo akiamini ataokoa. Tuseme unakaa Mbezi unafanya kazi Posta, kwenda na kurudi na mizunguko ni kilometa 50, kwenye foleni gari linakula lita moja kwa kilometa kumi, hiyo ni lita tano. Lita ikiwa 2,900 siku ni 14,500, mwezi ni 377,000. Hiyo inazidi kima cha chini nilichokitaja juu, na hujaweka paking, oili wala matairi. Ukipakia wafanyakazi wenzako watatu mkachangia, kila mtu ni kama 3,600 kwa siku, bado ni zaidi ya daladala ila umefika kwa pamoja na umekaa. Hapo ni kuchangia mafuta kati ya watu mnaofahamiana. Kusimama vituoni na kuita abiria usiowajua kwa nauli ni jambo lingine kabisa, hiyo ni biashara ya usafirishaji na inataka leseni ya LATRA, ukikamatwa au mkipata ajali ndo utajua bima yako haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Na faini. Kosa moja la barabarani kwa gari ni 30,000, kwa bodaboda na bajaji ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 mpaka 10,000. Faini moja ya gari ni karibu mwezi mzima wa nauli yangu ya Tabata, hebu fikiria. Nyingi zinatokana na vitu viwili, spidi kwenye maeneo ya makazi ambapo mwisho ni 50, trafiki wanakaa na tochi ya kupima spidi, na pundamilia, mtu anavuka wewe hujasimama. Ukiandikiwa, usitoe hela mkononi hata kidogo. Dai uandikiwe upewe namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki, na ulipe mapema maana ukichelewesha inaongezeka. Mimi niliwahi kutoa elfu kumi kando ya barabara nikaona nimeokoa ishirini, wiki mbili baadae naangalia gari linadaiwa lile lile kosa. Sitarudia. Ingia tms.tpf.go.tz, weka namba ya gari, utaona madeni yote. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na kama unanunua gari la mtu angalia kabla hujatoa hata shilingi, maana deni linakaa kwenye namba ya gari, muuzaji akishaondoka linabaki na wewe.

Sasa kitu ambacho kimenisaidia sana upande wa chakula, na kinatokana na haya haya ya usafiri. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wanatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Watu wanaangalia petroli. We angalia dizeli. Nyanya zinatoka Ilula huko Iringa, vitunguu vinatoka Mang'ola, mchele unatoka Kyela, Mbarali, Ifakara, Kahama, vyote vinakuja na Fuso na malori, na malori yanatumia dizeli. Dizeli ikipanda Jumatano hiyo, kinachokaa muda mrefu kama mchele, maharage na vitunguu nanunua hapo hapo kabla mzigo mpya haujafika, ikishuka natulia nanunua kidogo kidogo. Sio kila mara inatokea hivyo, msimu wa mavuno una nguvu yake, ila mara nyingi inanisaidia. Mwaka 2022 ilikuwa balaa, Agosti petroli Dar ilipita 3,400 kwa lita, na hapo serikali ilishaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Na tujue pia kwamba ndani ya kila lita kuna tozo zetu: ile ada ya mwaka ya gari iliyofutwa 2017 haikupotea, ilihamishiwa kwenye mafuta, na Julai 2023 ikaongezwa shilingi mia kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi mikubwa. Asiye na gari naye anailipa, kwenye nauli na kwenye nyanya.

Ndo maana sikubali tukisema nauli haituhusu, watapanga wenyewe. Kabla nauli hazijapandishwa LATRA wanaitisha mkutano wa wadau, wanatangaza, wenye mabasi na daladala wanakuja na mahesabu yao, bei ya dizeli, tairi, spea, wanaeleza vizuri sana kwa nini wapandishiwe. Abiria tunakuwa wachache mno ukumbini, na anayeongea anasema "maisha magumu" anakaa chini. Kuna baraza la watumiaji wa huduma za usafiri, LATRA CCC, kazi yake ni kututetea sisi, nao wanahitaji namba zetu. Mkutano ukitangazwa omba ruhusa kazini nusu siku, au mtumeni mmoja wa mtaani kwenu mumchangie nauli. Aende na lile daftari la wiki moja, lako na la majirani kumi, lenye magari mangapi mtu anapanda kwa siku, mara ngapi ruti imekatishwa na wapi, na mwisho wa mwezi imebaki shilingi ngapi ya chakula. Asimame asome kurasa hizo.